Kusukutua kwa mafuta ya ufuta fizi zinapotoka damu
Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mtu ambaye fizi zake zimevimba na hutoka damu wakati wa kupiga mswaki hushauriwa kusukutua asubuhi, kabla ya kula, kwa kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta ya vuguvugu, akiyazungusha polepole kinywani hadi yawe mepesi na meupe kama maziwa, kisha ayateme bila kumeza (kwenye pipa la taka, maana mafuta huziba bomba la sinki). Mswaki laini usiachwe, kwani chanzo kikubwa cha uvimbe huo ni utando wa bakteria kwenye shina la jino. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondolewi na mafuta. Huo hukwanguliwa na daktari wa meno, ambaye pia anapaswa kuichunguza damu isiyokoma baada ya wiki 2.