Kuzalisha kinyonga wa Yemen nyumbani: tafuta mchanga kabla ya dume

Haya ninayoandika yanamhusu kinyonga wa Yemen (Chamaeleo calyptratus), yule mwenye kilemba kirefu kichwani. Usiyachukue ukayatumia kwa kinyonga mwingine yeyote. Kwao ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, ila wanaouzwa huku Uingereza karibu wote wamezaliwa vizimbani. Nimemsaidia binamu yangu kwa simu kuzalisha wake, na sasa wenziwe wananitumia maswali yaleyale usiku wa manane. Nayajibu yote hapa mara moja.

Walioko Kenya na Tanzania: kinyonga uliyemkuta uani si wa kufuga. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 na ile ya Tanzania ya 2009 zote zinadai kibali. Halafu wa porini huja na minyoo tele na hafurahii kizimba hata kidogo. Mwache kwenye mchongoma wake.

Hatua ya 1: Kizimba

Dume apate sentimita 60 kwa 60, urefu wa kwenda juu 120. Jike anatosheka na 45 kwa 45 kwa 90. Kila mmoja na kizimba chake, na wasionane, maana hata kuonana tu kunawachosha. Vizimba vya wavu pande zote vinasifiwa sana, ila kwa nyumba za huku wakati wa baridi mimi sivipendi: joto na unyevu vyote vinatoroka. Ziba pande tatu, acha wavu juu na chini mbele ili hewa ipite. Jaza mimea hai: pothosi, fikasi, hibiskasi. Atatafuna majani, kwa hiyo yaoshe vizuri dawa ya dukani itoke.

Hatua ya 2: Taa

Taa ya UVB (mionzi kama ya jua, inayomsaidia kutengeneza vitamini D3 mwilini) iwe ya mrija mrefu, aina ya T5, yenye UVB ya asilimia 6, ikae kama sentimita 20 juu ya kijiti anachoota joto. Balbu ndogo za kujiviringa zinazokuja ndani ya vile vifurushi vya "kila kitu kimo" usinunue hata ukipunguziwa bei. Jua la dirishani nalo halisaidii, kioo kinazuia mionzi hiyo. Badilisha mrija kila mwaka hata kama bado unawaka, kwa sababu mwanga hubaki na mionzi ikapungua.

Sehemu ya kuota joto: nyuzi 27 hadi 29 kwa jike, 29 hadi 31 kwa dume. Usiku zima kila kitu, na zile taa nyekundu za kupashia joto usiku pia. Chumba kikishuka hadi nyuzi 16 au 18 analala vizuri zaidi.

Hatua ya 3: Maji

Bakuli halitambui. Hunywa matone yaliyo juu ya majani. Nyunyizia kabla taa hazijawaka na baada ya kuzimwa, mchana weka chupa inayodondosha polepole, kisha acha kizimba kikauke. Kizimba kinacholowa kutwa nzima humletea maradhi ya kifua. Tazama mkojo wake mgumu: mweupe ni salama, wa rangi ya chungwa ana kiu.

Hatua ya 4: Chakula

Nyenje, mende wa dubia, viwavi vya hariri, mabuu ya nzi. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Walishe wadudu mboga za majani siku nzima kabla, kisha wapake unga wa kalsiamu usio na vitamini D3 karibu kila mlo. Multivitamini yenye D3 na vitamini A ni mara mbili kwa mwezi, basi.

Jike mzima apewe wadudu watatu au wanne siku moja, siku ya pili hapati. Watu wananiona mchoyo hapa. Lakini jike huyu hutaga hata asipoonana na dume, na idadi ya mayai hufuata chakula na joto. Akishiba kupita kiasi na akiota joto kali anaweza kubeba mayai 60 au 80, na hapo ndipo majike wengi hufa mapema. Mtago wa mayai 20 au 30 unatosha kabisa.

Hatua ya 5: Beseni la kutagia

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo vumilia urefu wake. Beseni liwe tayari jike anapofikisha miezi mitano, dume awepo asiwepo.

Chukua chombo kisichopenyeza mwanga, upana angalau sentimita 30 kila upande, na kina cha kuweza kushika mchanga wa sentimita 25 hadi 30. Akichimba akagonga plastiki mapema huona mahali hapafai, ataanza shimo lingine, na lingine, mpaka nguvu zimwishie. Mchanga uwe ule uliooshwa wa watoto kuchezea. Ukitaka, changanya na udongo kidogo usio na mbolea. Vipande vya magome ya miti na ule unyuzinyuzi wa nazi mtupu havifai, shimo linabomoka.

Unyevu unapimwa kwa mkono. Toboa shimo jembamba hadi chini, chomoa mkono. Kuta zikisimama, sawa. Zikiporomoka, ongeza maji. Maji yakikusanyika chini umezidisha, mwaga uanze upya. Kisha rudia kupima kila baada ya siku chache, kwa sababu juu hukauka chini kukiwa bado kumelowa, na kinyume chake pia hutokea. Mchanga wenye baridi kali nao haupendi. Beseni likiwa juu ya sakafu ya baridi, linyanyue au weka kipande cha sponji chini yake, ila usiweke mkeka wa umeme chini ya beseni: yeye anachimba kuelekea chini, na ataungua. Teremsha tawi hadi mchangani ili ashuke mwenyewe.

Sasa subiri. Dalili ni kupungua hamu ya kula, tumbo lenye vinundu, na kuzungukazunguka sakafuni. Zikija, funika kizimba kwa shuka, uache tundu dogo la kuchungulia, na ondoka. Binamu yangu alinipigia kwa hofu:

"Dada, ameanza kuchimba halafu ameacha!"

"Wewe uko wapi?"

"Hapa mbele yake, namtazama."

"Basi toka humo chumbani."

Alirudi kuchimba alasiri ileile. Jike akijua anatazamwa huliacha shimo, na akiliacha mara kadhaa mayai yanaweza kukwama. Kazi yote inaweza kuchukua siku moja au hata tatu. Taa zikizimika akiwa shimoni, mwache alale humohumo. Akimaliza atafukia na kushindilia, kisha atapanda juu amekonda, mchafu, na ana kiu kali. Mpe maji kwa muda mrefu, na siku mbili tatu hizo mlishe bila kipimo.

Akikaa chini hachimbi, amefumba macho mchana, macho yameingia ndani, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, na huyo daktari uwe umeshamtafuta kabla, kwa sababu si kila kliniki inawapokea.

Hatua ya 6: Kuwakutanisha

Jike awe na mwaka mmoja. Dume utamjua kwa kipi cha kisiginoni (kichomozo kidogo kama cha jogoo), anazaliwa nacho. Mwingize jike kwa dume, ukiwa karibu. Akibaki kijani na madoa laini, anaondoka polepole, amekubali. Akiwa mweusi mwenye mabaka ya njano na buluu, anayumba na kufunua mdomo, mtoe mara moja. Kwa waliokubaliana, rangi hiyo ya giza itakuja siku inayofuata, nayo maana yake kazi imekwisha. Atataga baada ya siku 20 hadi 30 hivi.

Hatua ya 7: Mayai

Fukua kwa kijiko na vidole. Weka alama ya penseli juu ya kila yai, na lisigeuzwe. Yapange kwenye sanduku la plastiki lenye vermikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) iliyochanganywa na maji kwa uzani sawa, au maji kidogo pungufu. Mimi hupendelea pungufu. Kifuniko kiwe na matundu mawili madogo ya sindano. Kwa nyuzi 25 hadi 27 hauhitaji mashine ya gharama, kabati lenye joto lisilobadilika linatosha. Subira ni ya miezi 6 hadi 9. Yai lenye kuvu lililonywea ondoa, mengine yaache.

Hatua ya 8: Watoto

Nzi wa matunda wasioruka na nyenje wadogo kabisa, kila siku, kadiri wanavyoweza kula. Maji ya ukungu mara kadhaa, joto la wastani tu. Wakianza kung'atana mikia wagawe, na wakifika miezi mitatu kila mmoja awe peke yake. Hesabu vizimba hivyo sasa hivi, kabla ya hatua ya 6. Na ukiuza kama biashara hapa England, kanuni za 2018 zinataka leseni ya halmashauri.

Beseni usilitoe. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, na baada ya miezi michache anaweza kutaga tena mayai yenye uhai bila kupandwa. Usiyoyataka, yatie kwenye friza siku hiyohiyo.