Mtoto wa mbwa anayebwekea kila mtu: mambo yote ni umbali

Jirani yangu hapa Tabata ana jike chotara wa miezi minne. Akipita muuza maji, anabweka. Akipita mbwa mwingine, anabweka mpaka sauti inamkauka. Siku hizi anapita mbele ya kijiwe cha bodaboda ametulia, na watu wanauliza tulimfanya nini.

Chanjo kwanza. Ya kichaa cha mbwa hupigwa akifikisha miezi 3. Za pavo na distempa, magonjwa ya kuambukiza yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, zikirudiwa mpaka karibu wiki ya 16. Kama hajamaliza, usimfungie ndani. Mpakate, kaa naye kwenye benchi la genge aone watu, ila asikanyage wanapolala mbwa koko. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapozoea dunia kwa wepesi. Baadaye inawezekana, lakini utatoka jasho.

Hatua ya 1: Vifaa

Mkanda wa kifuani na kamba ya mita mbili. Mnyororo sitaki hata kuuona: akivuta, shingo inabanwa, na maumivu hayo anamhesabia yule anayemtazama. Chakula cha kumzawadia ni firigisi za kuku, zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu na kukatwa ndogo kama harage. Kuna wanaosifia maini. Maini yanavurugika mfukoni, halafu ukipanda daladala kila mtu anageuka kukutazama.

Hatua ya 2: Jina

Mzoeze ndani ya nyumba: akisikia jina lake, akugeukie, apate kipande.

Hatua ya 3: Umbali

Mbwa mdogo anayebweka mara nyingi anaogopa; anachosema ni "ishia hapo hapo". Ukimburuta karibu eti azoee, hofu inazidi. Tafuta umbali ambao anamwona mtu au mbwa na bado anakula. Inaweza kuwa mita 30, usione aibu. Akikataa firigisi, au akiinyakua mpaka anakung'ata vidole, mmesogea mno. Kabla ya hapo mdomo hufungwa ghafla, masikio husimama mbele, mwili hukakamaa. Ondokeni wakati huo, msingoje abweke.

Halafu kuna mpangilio, na hapa ndipo jirani alipopoteza muda mwingi: kwanza amwone mtu, ndipo chakula kitoke. Ukitanguliza chakula, atajua kwamba mkono ukiingia mfukoni kuna balaa linakuja. Amemwona? Kipande, kipande, kipande, mpaka mtu apite. Mtu akitoweka, chakula nacho kinakoma. Awe amekaa au amesimama, haijalishi. Akibweka, usimkaripie wala usimchape. Geuka naye, mwende mbali zaidi. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma huacha kunguruma, na siku moja anauma bila kuonya.

Sasa, kwa vichochoro vyetu, mita 30 utazitoa wapi? Jifiche nyuma ya gari lililoegeshwa, tumia kona ya ukuta, vuka barabara mapema. Kiwanja cha mpira asubuhi kinafaa sana. Coco Beach alfajiri ya siku ya kazi, sawa. Jumapili jioni usithubutu. Mimi napenda kabla ya saa moja asubuhi, lami ikiwa bado haijashika moto.

Koko akiwajia, mwagia firigisi konzi nzima chini mbele yake, kisha ondokeni kwa mwendo wa kawaida. Kurusha jiwe kunamwonyesha mwanafunzi wako kwamba kweli kuna vita. Watoto wakitaka kumshika, waambie, "Hapana wanangu, yuko darasani." Na anayekwenda msikitini hataki mate ya mbwa yamguse: mpishe mapema, nawe umepata umbali wako bure.

Hatua ya 4: Geti

Muuza mchicha anapita, mbwa anabweka, mama wa watu anakwenda zake. Kwa akili ya mbwa, ni yeye aliyemfukuza, na kesho atabweka zaidi. Akishinda uani peke yake akifanya hivyo, mazoezi ya asubuhi ni kazi bure. Ziba sehemu ya chini ya geti la nondo kwa bati au turubai, na mchana mweke nyuma ya nyumba au ndani.

Hatua ya 5: Kusogea

Akitulia kwa umbali huo, upunguzeni pole pole. Siku akiwa na wasiwasi, rudi nyuma.

Shemeji wa jirani aliuliza kama hivi hatuharibu mlinzi. Shemeji, anayebwekea hata muuza karanga, usiku akibweka nani ataamka?

Kama ameanza ukali ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mazoezi yoyote. Sikio linalouma linatosha kumbadilisha. Na akimwuma mtu, hata kwa mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.