Ulinzi kwanza: namna ya kucheza Star Wars Jedi: Fallen Order

Wachezaji wengi wanaoushika upanga wa nuru kwa mara ya kwanza katika mchezo wa video wa Star Wars Jedi: Fallen Order hubonyeza kitufe cha kushambulia mfululizo, wakitumaini kwamba adui atazidiwa na wingi wa mapigo. Mbinu hiyo inatosha kwa askari wa kawaida wa Dola, yaani utawala wa kiimla unaowawinda Jedi, lakini haifui dafu mbele ya adui yeyote aliyefunzwa kupigana ana kwa ana. Mchezo huu, uliotengenezwa na Respawn Entertainment na kutolewa na Electronic Arts mnamo Novemba 2019, umejengwa juu ya ulinzi, na mchezaji atakayejifunza kukinga, kupangua na kukwepa kabla ya kushughulikia mapigo ya madaha ataufurahia tangu saa za mwanzo.

Ni vyema kuanza na mchezo huu kabla ya mwendelezo wake, Star Wars Jedi: Survivor, uliotoka Aprili 2023. Hadithi ya Cal Kestis, mhusika unayemwongoza, inaanza miaka 5 baada ya Jedi, wale wapiganaji wa upanga wa nuru, kuangamizwa, wakati kijana huyo anapojificha miongoni mwa wafanyakazi wanaovunja meli chakavu katika sayari ya Bracca. Uwezo wake wa kutumia Nguvu, ile nishati inayowawezesha Jedi kusukuma vitu na watu bila kuwagusa, umefifia, naye anaurejesha hatua kwa hatua, hivyo mchezaji hupata nafasi ya kuzoea kila uwezo mpya kabla ya kuongezewa mwingine. Survivor inamkuta Cal akiwa tayari na sehemu kubwa ya uwezo huo, na mgeni anaweza kulemewa na vitufe vingi kwa mara moja.

Kabla ya kuanza utaulizwa kiwango cha ugumu, na viko vinne, kuanzia kile cha wanaotaka hadithi tu hadi cha mabingwa. Tofauti kati yake inahusu mambo matatu: urefu wa muda unaopewa ili kupangua pigo, ukubwa wa madhara unayopata unapopigwa, na ukali wa maadui katika kukuandama. Kiwango cha pili ndicho ninachokipendekeza kwa mtu mwenye uzoefu wa kiasi, kwa sababu kinakulazimisha kujifunza kupangua bila kukuadhibu kupita kiasi kwa kila kosa. Unaweza kubadilisha kiwango wakati wowote kupitia menyu, na hakuna aibu yoyote kushusha ugumu kwa ajili ya pambano moja lililokushinda kisha kuupandisha tena.

Sasa tuje kwenye mapigano yenyewe. Kitufe cha kukinga ni L1 kwenye PlayStation na LB kwenye Xbox. Ukikishikilia, Cal huzuia mapigo ya kawaida ya upanga na fimbo, na hukinga risasi za bunduki zinazomjia kutoka mbele. Kila pigo unalolizuia hupunguza mstari wako wa kinga, na mstari huo ukiisha Cal huyumba na kubaki wazi, ndiyo maana kukaa umeshikilia kitufe muda wote si ulinzi wa kutegemewa. Kupangua ni jambo jingine: unabonyeza kitufe hicho hicho mara tu kabla ya silaha ya adui kukufikia, na badala ya wewe kupoteza kinga, adui ndiye anayepoteza sehemu kubwa ya kinga yake na kukupa nafasi ya kumpiga. Risasi iliyopanguliwa kwa wakati barabara humrudia aliyeifyatua, na kwa njia hiyo kundi la wapiga bunduki linaweza kujimaliza lenyewe bila wewe kulisogelea.

Njia bora ya kujifunza wakati wa kupangua ni kumtafuta adui mmoja mwenye fimbo, mbali na wenzake, kisha kusimama mbele yake bila kushambulia kabisa. Tazama bega na mkono wake badala ya kuitazama silaha, maana mapigo mengi yana kituo kifupi kabla ya kushuka, na wanaoshindwa kupangua karibu wote hubonyeza mapema mno kwa sababu ya hofu. Baada ya kupangua, piga mara mbili au tatu tu kisha urudi kwenye kinga. Tamaa ya pigo la nne ndiyo inayowaua wachezaji wengi, kwa kuwa adui huwa ameshapata nafasi ya kujibu.

Kuna mapigo ambayo hayazuiliki wala kupanguliwa, nayo hutambulika kwa mng'ao mwekundu unaomzunguka adui kabla ya kuyarusha. Hapo lazima ukwepe, na ni salama zaidi kukwepa kwa pembeni kuliko kurudi nyuma, kwa sababu mapigo mengi ya aina hiyo humfuata anayerudi nyuma katika mstari ulionyooka. Kwa wanyama wakali, ambao hawana silaha ya kugonganisha na yako, kukwepa kuna faida kubwa zaidi kuliko kupangua. Mfano ni Oggdo Bogdo, yule kiumbe anayefanana na chura mkubwa aliyeko chini ya ardhi ya Bogano, sayari ya mapema katika hadithi, ambaye wachezaji wengi humwangukia mapema wakiwa na dawa chache za kujitibu. Hulazimiki kumuua ili kuendelea na hadithi. Mwache, nenda zako, kisha urudi ukiwa na uhai mwingi zaidi na uwezo wa kumsukuma.

Unapopigana na mtu mmoja hatari, mlenge kwa kubonyeza kijiti cha kulia ili kamera imfuate. Unapokabiliwa na kundi, acha kumlenga mmoja, kwa maana utapigwa na usiyemwona. Nguvu nazo zina mstari wake wa buluu, ambao hujazwa kwa kumpata adui kwa upanga, kwa hiyo kuibania Nguvu hakuna maana. Tumia uwezo wa kupunguza mwendo kumgandisha adui mkali zaidi huku ukiwamaliza wadogo, na ukiwa karibu na ukingo wa genge refu, kumsukuma adui chini ni ushindi halali kabisa. Makombora ya askari wenye mizinga yanaweza kusukumwa yakawarudia wenyewe.

Vituo vya tafakuri ndiyo mahali pa kuhifadhi safari yako na kununua ujuzi. Unaweza kuhifadhi bila kupumzika, na tofauti hiyo ni muhimu: ukipumzika, uhai na dawa zako hujaa tena, lakini maadui wote wa eneo hilo hurudi. Ukifa, unapoteza pointi za uzoefu ulizokusanya kuelekea pointi yako inayofuata ya ujuzi, ingawa pointi ulizokwisha kuzikamilisha haziguswi. Adui aliyekuua atakuwa amezibeba, na pigo moja tu ukimpata linakurudishia pointi hizo pamoja na uhai na Nguvu yako. Kwa sababu hiyo, ukiona mstari wa uzoefu unakaribia kujaa na mbele kuna mlango mkubwa unaotia shaka, rudi kwanza ukamilishe pointi hiyo kwa maadui unaowamudu.

Pointi za mwanzo zitumie kuongeza uhai na kuzipa dawa nguvu zaidi, kisha ndipo uende kwenye mapigo mapya ya upanga. Hatimaye unaweza kununua ujuzi wote, kwa hiyo suala hapa ni mpangilio tu.

Mruhusu droidi BD-1, roboti mdogo anayesafiri na Cal, achunguze kila kitu anachokuonyesha. Uchunguzi huo huongeza pointi za uzoefu, na akichunguza mwili wa adui uliyemuua kwa mara ya kwanza, unapata maelezo ya mbinu zinazomfaa adui wa aina hiyo. Wachezaji wengi hupita bila kuyasoma, nayo ni msaada mkubwa kuliko jaribio la kumi dhidi ya adui yule yule.

Ramani huwachanganya watu, hasa katika sayari ya Zeffo ambako njia zimepandana juu kwa chini. Milango nyekundu bado huwezi kuipita, ya kijani unaweza kwa uwezo ulio nao sasa, na rangi ya njano inaonyesha njia ambayo hujaichunguza. Usihangaike na njia nyekundu, utarudi. Hakuna namna ya kuruka kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo fungua kila njia ya mkato unayoikuta, iwe kamba au lifti, kwa kuwa ndiyo itakayokurudisha kwenye Mantis, meli ya angani unayosafiria.

Baada ya Bogano utapewa hiari ya kwenda Zeffo au Dathomir. Hadithi inakuelekeza Zeffo, lakini ziara fupi ya Dathomir inaweza kukupatia mapema upanga wenye ncha mbili kwenye meza ya kazi, ambao ni msaada mkubwa dhidi ya makundi. Uchukue kisha uondoke, kwa kuwa wapiganaji wa sayari hiyo ni wagumu kwa mchezaji mchanga.

Ukimaliza na kuingia katika Survivor, misingi hii yote inabaki. Kinachoongezeka ni mikao mitano ya upanga, yaani mitindo ya kuutumia, ambayo unabeba miwili tu kwa wakati mmoja na kuibadilisha kwenye vituo vya tafakuri. Ninashauri mmoja uwe wa makundi, kama ule wa ncha mbili, na mwingine uwe wa adui mmoja mzito. Safari ya haraka kati ya vituo imeongezwa, na pointi za ujuzi zinaweza kurudishwa na kugawanywa upya: mara ya kwanza ni bure, na baada ya hapo kila mabadiliko hukugharimu pointi moja, hivyo jaribu mikao yote mitano kabla ya kuitumia nafasi hiyo ya bure.