Roboti ikinyamaza usiamini imezima: jinsi ya kulinda watu kiwanda kikishawekwa otomatiki

Kiwanda kikishaingiza roboti watu wengi wanaona hatari imeisha, na kweli zipo zilizoondoka, hakuna tena mtu wa kuingiza mkono kwenye presi siku nzima, ila zimekuja nyingine ambazo ni ngumu kuziona. Mashine za zamani zikinyamaza ulikuwa unajua zimezimwa. Roboti ikinyamaza inawezekana inasubiri tu taarifa ya sensa, yaani kifaa kinachohisi kama kuna kitu mbele yake.

Kwa hiyo unapofanya tathmini ya hatari usiangalie mashine ikiwa inafanya kazi vizuri, hapo huwa kila kitu kiko salama. Kaa na maopereta shifti nzima, ya usiku pia, alafu andika kila mara mtu anapoingia ndani ya uzio unaozunguka roboti: kutoa boksi lililokwama, kufuta vumbi kwenye sensa, kuokota kitu kilichodondoka. Hizo ndo kazi zinazoua, na mara nyingi hazimo kwenye karatasi yoyote. Robert Williams, aliyefariki 1979 kwenye kiwanda cha Ford kule Michigan, alikuwa amepanda kwenye rafu kuchukua vipuri, mkono wa roboti ukamgonga kichwani kwa nyuma. Kenji Urada huko Japani, 1981, aliruka uzio kwenda kurekebisha roboti ambayo haikuwa imezimwa kabisa. Wote wawili walikuwa kazini kama kawaida.

Chukua mfano, boksi limekwama kwenye konveya, ule mkanda wa kusafirishia mizigo, mbele ya sensa. Opereta anaingia, kila kitu kimetulia, analivuta boksi, na sekunde hiyohiyo sensa inaona njia iko wazi, inatuma taarifa, mkono wa roboti unashuka na mkono wa mtu bado uko pale. Mashine imefanya kile ilichoprogramiwa. Sasa hapa kitufe chekundu cha dharura hakitoshi, kazi yake ni kusimamisha, kukata umeme wote sio kazi yake, na mwenzio anaweza akakirudisha. Kata umeme kwenye swichi kuu, toa hewa kwenye silinda, shusha presha ya haidroliki (mafuta yanayosukuma mashine), na kama mkono uko juu uwekee kizuizi maana breki ikiachia utaanguka wenyewe hata bila umeme. Kila anayeingia aweke kufuli lake kwenye hiyo swichi na funguo akae nayo mfukoni, wakiwa wanne basi makufuli manne. Alafu kabla ya kugusa chochote jaribu kuiwasha, isipowaka ndo uingie.

Kuna wakati fundi lazima aingie umeme ukiwepo, mfano anaifundisha roboti njia mpya. Hapo spidi isizidi milimita 250 kwa sekunde, na ashike ile rimoti yenye kitufe cha hatua tatu, ambacho ukikiachia roboti inasimama na ukikiminya sana kwa kushtuka pia inasimama. Asimpe mtu mwingine aliye nje amshikie.

Ukikuta sensa ya geti imefungwa sumaku au tepu ili mashine idhani geti limefungwa, usikimbilie kutoa barua ya onyo. Uliza kwanza. Mara nyingi utaambiwa mashine inajam kila saa, kuiwasha upya kunachukua dakika nyingi, na supavaiza anadai hesabu ya shifti, sasa ulitegemea wafanye nini? Toa sumaku siku hiyohiyo, lakini rekebisha na chanzo cha jam, la sivyo itarudi wiki ijayo ikiwa imefichwa vizuri zaidi.

Upande wa chumba cha kuongozea, shida kubwa ni alamu. Kwenye rifainari (kiwanda cha kusafisha mafuta) ya Milford Haven, Wales, mwaka 1994, maopereta wawili walipigiwa alamu 275 ndani ya dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, nani anaweza kusoma hizo zote? Pitia alamu moja moja, ujiulize ikilia opereta afanye nini. Kama jibu ni hakuna, itoe kwenye alamu, ibaki kwenye kumbukumbu za mfumo. Lenga wastani wa moja kila dakika 10 hali ikiwa ya kawaida.

Na watu wanasahau kazi jamani. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia, aliandika kwamba otomatiki inachukua kazi rahisi na kumwachia binadamu zile ngumu kabisa, huku ikimnyima mazoezi. Wapangie zamu za kuendesha kwa mkono, au kwa simuleta (mashine ya kufanyia mazoezi ya kuigiza), kila baada ya muda.

Roboti za kufanya kazi bega kwa bega na watu zina nguvu ndogo, sawa, ila ikishika kisu bado ni kisu. Pima hatari yake pamoja na kifaa ilichoshika.

Mwisho ni mtandao. 2017 huko Saudi Arabia virusi viliingia mpaka kwenye kontrola za usalama, zile kompyuta za kuzima mitambo ikitokea hatari, za kiwanda cha petrokemikali, na swichi ya funguo ya kontrola ilikuwa imeachwa kwenye hali ya kuprogramu. Irudishe kwenye hali ya kazi, chomoa funguo, ifungie. Kampuni iliyowauzia mashine ikitaka kuingia kwa mbali, mlango wa mtandao ufunguliwe na mtu aliye kiwandani baada ya kuhakikisha hakuna mtu ndani ya uzio, na afunge wakimaliza.