Mabaki ya vitenge usiyatupe: foronya ya mto wa kochi, kishikio cha sufuria na tandiko la kitanda

Ukipita kwa fundi yeyote wa nguo za kike jioni anapofunga ofisi, chini ya cherehani unakuta rundo la vipande vya vitenge, vingine vikubwa tu, na vingi vinaishia kuchomwa na takataka, kwa kweli inaniuma kila nikiona. Muombe akuwekee kwenye mfuko, wengi wanatoa bure au unampa hela ya soda. Ongezea na vya nyumbani, khanga iliyochanika katikati ila pindo bado zima, mashati ya pamba ya baba watoto.

Kwanza chambua. Vitenge vya siku hizi kuna pamba tupu na kuna polista, ukivishona pamoja siku ya kufua pamba inarudi polista inabaki vilevile, mto wote unakuwa makunyanzi. Kata kijipande kidogo ukishike kwa koleo juu ya beseni la maji, kiwashe na kiberiti. Pamba inaungua inaacha jivu laini, polista inayeyuka inajikunja inaacha donge gumu. Za polista weka pembeni. Za pamba zifue, zile za rangi kali kila moja peke yake, na kama maji bado yanatoka rangi hata baada ya kufua tena basi hicho usikiweke karibu na cheupe. Anika, piga pasi.

Sasa hapa kwenye kukata ndo penyewe, maana viraka vinaharibikia kwenye mkasi kabla hata ya sindano. Kwa mto wa sm 45 kwa 45 chukua boksi gumu ukate mraba wa sm 17 kwa 17, kona zilinganishe na kona ya kitabu. Huo ndo mfano wako, chora vipande vyote 9 kwa kutumia huohuo, usichukue kitambaa ulichokwisha kata ukakifanya mfano wa kingine, kosa linakua kidogo kidogo mpaka kipande cha tisa hakikai. Chora na chaki au kipande cha sabuni kilichokauka, fuata nyuzi za kitambaa, ukikata mshazari kitavutika.

Vipange kwenye mkeka tatu kwa tatu, changanya yenye maua makubwa na yenye madoa madogo, ukiridhika piga picha na simu ndo uvikusanye. Mshono ni sm 1 kila upande, bandika selotepu kwenye bamba la cherehani sm 1 kutoka kwenye sindano iwe inakuongoza. Huna cherehani? Shona kwa mkono, hatua ndogo ndogo, na kila baada ya hatua chache rudi nyuma moja ili uzi ushike.

Unganisha mistari mitatu kwanza. Kabla ya kuiunganisha piga pasi, mshono wa mstari wa kwanza ulaze kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena. Ukija kuibana na pini mishono inaumana yenyewe na kona zinakutana sawasawa, na hii pasi watu wengi wanairuka alafu wanalaumu cherehani. Ukimaliza mbele itakuwa sm 47 kwa 47.

Nyuma hauhitaji zipu. Kata vipande viwili, kila kimoja sm 47 kwa 32, kwenye upande mmoja mrefu kunja sm 1 alafu kunja tena sm 2, shona. Kila kimoja kinabaki sm 29, vikipandana katikati vinalaliana sm 11, mto hauchungulii. Weka uso kwa uso na ile mbele, shona pande zote nne, pale vinapolaliana pitisha mara mbili, punguza kona, geuza.

Kishikio cha sufuria ni chepesi zaidi, vipande viwili vya sm 20 na katikati tabaka mbili za taulo kuukuu, unapitisha mishono ya mshazari visitembee. Hapa kila kitu kiwe pamba mpaka taulo, polista kwenye sufuria ya moto itayeyukia mkononi.

Ukishazoea nenda kwenye tandiko la kitanda cha futi 4 kwa 6. Mraba ni uleule wa sm 17, safari hii vipande 126, 9 kwa 14, inakupa mbele ya sm 137 kwa 212. Kwa chini tumia doti moja ya khanga, zishone mbili ubavu kwa ubavu kwenye upande mrefu, nyingi zinakupa kama sm 150 kwa 218 ila pima yako kwanza maana zinatofautiana. Tandaza khanga sakafuni uso chini, viraka juu yake uso juu, bana na pini, acha khanga izidi sm 3 kila upande uikunje mara mbili kuja juu, ushone, hiyo ndo pindo. Kwa joto la pwani usiweke blanketi katikati, ila wa Mbeya au Njombe blanketi jepesi lililochakaa linafaa sana. Mwisho kila kona viraka vinapokutana pitisha uzi mnene wa kufumia kwenda chini na kurudi juu, funga fundo mara mbili, uache mkia wa sm 2, ukikata karibu sana fundo litafunguka kwenye kufua.