Somo: Kuweka vigae vya sakafu nyumbani chini ya mwongozo wa anayejua

Ndugu wanachama, somo hili ni la mwenye nyumba anayetaka kuweka vigae kwa mikono yake, na pia la yule atakayemlipa fundi lakini anataka kukijua anachokisimamia. Kazi ya vigae ina hatari yake ya pekee, kwa sababu kosa hufunikwa saa ileile linapofanyika na kujitokeza miezi mingi baadaye, fundi akiwa ameshaondoka na vigae vya aina ile havipatikani tena dukani. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba video fupi za simu hazitoshi kuwa mwalimu: zinaonyesha mkono unavyokwenda, lakini hazionyeshi kilichoko chini ya kigae, wala hazielezi kwa nini gundi ile ilichaguliwa kwa sakafu ile. Mtafute anayeweza kukueleza sababu ya kila hatua, na ambaye yuko tayari kuking'oa kigae ulichokibandika sasa hivi ili mkague mgongo wake pamoja.

Kabla ya kununua

Soma maandishi ya boksi. Namba ya rangi na namba ya kipimo lazima zifanane katika maboksi yote, maana vigae vya jina moja vilivyochomwa kwa nyakati tofauti huweza kutofautiana rangi na hata ukubwa kidogo. Ongeza asilimia 10 juu ya eneo ulilopima, au asilimia 15 ukitaka kuvilaza mshazari, na ukibakiwa na vichache vihifadhi.

Kisha ujue kigae chako kinakunywa maji kiasi gani. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006, kigae cha porselini hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali vigae vingi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kubandika. Mafundi wengi walirithi desturi ya kuloweka vigae kwenye ndoo na kuvilaza juu ya uji wa saruji, na desturi hiyo ilikuwa na mantiki kwa vigae vinavyonyonya, kwa kuwa kigae kikavu kingeifyonza maji saruji kabla haijashika. Porselini hainyonyi karibu chochote, kwa hiyo uji wa saruji tupu haupati mahali pa kujishikiza, na kigae hubanduka kikiwa safi mgongoni. Porselini inahitaji gundi ya vigae yenye polima, yaani kiongezo kinachoipa gundi mshiko zaidi. Fundi anayejua sababu atabadilisha njia kulingana na kigae; anayejua desturi peke yake atafanya kwa bidii jambo lisilofaa.

Hatua ya kwanza: kagua sakafu

Zege jipya lipewe siku 28, likimwagiliwa vizuri katika siku zake za mwanzo. Gonga sakafu yote ukisikiliza sehemu zenye mlio wa uwazi, uzibomoe na kuzijaza upya. Laza rula iliyonyooka ya mita 2. Ukiona nafasi inayozidi milimita 3 chini yake, sawazisha kwanza, kwa kuwa gundi si dawa ya mabonde. Fagia na ufute vumbi lote.

Hatua ya pili: panga bila gundi

Usifuate ukuta, kwani kuta nyingi za nyumba zetu hazina pembe mraba. Piga mistari miwili ya uzi inayokatana katikati ya chumba, na kuanzia pale inapokatana upime sentimita 60 kwenye mmoja na 80 kwenye mwingine. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa sentimita 100 kamili, pembe yako ni mraba. Panga vigae vikavu kutoka hapo, na usogeze mistari hadi vipande vyembamba viondoke mlangoni. Vigae virefu visilazwe kwa mtindo wa tofali wa nusu kwa nusu, kwa sababu kwa kawaida hubinuka kidogo katikati vinapochomwa. Ukiachanisha kwa theluthi moja, kingo hazitakwaruza mguu.

Unapokata kwa grainda, tumia maji na uvae barakoa madhubuti. Vumbi la vigae lina silika, nayo huharibu mapafu moja kwa moja.

Hatua ya tatu: gundi

Hapa ndipo ninapoomba uwe na mwelekezi pembeni yako, angalau siku ya kwanza. Pima maji kama mfuko unavyoelekeza, koroga, acha gundi itulie dakika kama 5, kisha ikoroge tena bila kuongeza maji. Ipake kwa mwiko wenye meno, mifereji yote ielekee upande mmoja ili hewa ipate njia ya kutokea kigae kinapokandamizwa. Vigae vikubwa vipakwe pia utando mwembamba mgongoni. Usitandaze eneo kubwa: joto la Dar es Salaam au Mombasa, pamoja na upepo wa dirishani, huifanya gundi ianze kuota ngozi mapema kuliko mfuko unavyosema. Iguse kwa kidole. Isiponata, ikwangue uitupe.

Kila baada ya vigae kadhaa, inua kimoja. Gundi iwe imeshika angalau asilimia 80 ya mgongo katika vyumba vikavu, na asilimia 95 bafuni na nje. Kubandika kwa madonge matano, manne pembeni na moja katikati, hakufiki hapo, na kigae hupasuka siku mguu wa kabati utakapotua penye uwazi.

Hatua ya nne: nafasi na grauti

Tumia spesa, yaani vipande vidogo vya kutenganisha vigae, usivibananishe. Acha pia nafasi ya milimita 6 hivi kuzunguka kuta zote, itakayofichwa na skatingi (ukanda wa chini ya ukuta), wala usiijaze gundi au grauti, yaani ule uji wa kujaza nafasi kati ya vigae. Subiri saa 24 kabla ya kukanyaga na kujaza grauti, kisha futa utando wake mapema kwa sponji yenye unyevu kidogo.

Maswali ya wanachama

Swali (mwanachama wa Dodoma): Shikamoo mwalimu. Vigae vya sebule vimeinuka ghafla mchana kama hema, na hakuna kilichoanguka juu yake. Sababu ni nini?

Jibu: Marahaba. Vigae vilitanuka vikakosa pa kwenda, na huenda gundi nayo ilikuwa haijashika vizuri. Ondoa skatingi uangalie kama kingo zimebanwa na ukuta. Katika chumba kirefu, weka pia kiungo cha kutanuka kila mita 6 hadi 7, ukijaze silikoni badala ya grauti.

Swali: Fundi anataka kubandika vipya juu ya vya zamani. Nikubali?

Jibu: Inawezekana, mradi agonge kimoja kimoja na kung'oa vyote vyenye mlio wa uwazi, aondoe mafuta na nta, na atumie gundi iliyoandikwa kwamba inafaa juu ya vigae. Pimeni kwanza kama milango itafunguka.

Swali: Maji ya bafu yanaingia ukuta wa chumbani ingawa vigae havijapasuka. Nijaze grauti upya?

Jibu: Haitasaidia sana, ndugu yangu. Vigae na grauti peke yake havizuii maji. Kinachozuia ni utando wa kuzuia maji unaopakwa chini yake, ukipanda na ukutani. Ukirudia kazi, sakafu iteremke kuelekea kwenye tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kila mita, na kabla ya kubandika, ziba tundu, jaza maji na uache saa 24 ukitazama kama yanapungua.

Swali (mama mwenye nyumba, Tanga): Mimi sitaweka mwenyewe. Nitamtambuaje fundi anayejua?

Jibu: Mama, uliza kama amesomea uashi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, au kama ujuzi alioupata mtaani umepimwa na kutambuliwa na VETA, ingawa wapo wazuri wasio na cheti. Kisha muulize kwa nini amechagua gundi hiyo na ataacha nafasi gani ukutani. Mwisho, mkubaliane kwa maandishi kwamba siku ya kwanza ataweka mita moja ya mraba, ainue kigae kimoja mbele yako, na umlipe siku hiyo hata mkiamua kutoendelea.