Pensheni ya Uingereza Ukiwa Afrika Mashariki: Kuidai, Kuilinda na Kuipigia Kura

Anayestaafu Uingereza na kuhamia Nairobi, Malindi, Arusha au Zanzibar huja na pensheni yake ya serikali, lakini nyongeza za kila mwaka zinabaki huko huko. Hili linawagusa Waingereza waliohamia huku, na linawagusa vilevile Wakenya na Watanzania waliofanya kazi kule, wakakatwa bima ya taifa (michango inayojenga pensheni hiyo) kwenye mshahara, kisha wakarudi nyumbani. Sheria haiulizi pasipoti yako ni ya nchi gani. Inauliza unaishi wapi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Pensheni kamili ya mfumo mpya, ulioanza tarehe 6 Aprili 2016, ilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Katika mwaka wa fedha 2025/26 ilifika pauni 230.25. Aliyeanza kulipwa 2016 akiwa Mombasa bado anapokea zile 155.65, na ataendelea kuzipokea hizo hizo. Mwenzake aliyebaki Leicester na rekodi ile ile ya michango alimzidi mwaka huo pauni 74.60 kila wiki, yaani karibu pauni 3,880 kwa mwaka, na pengo linapanuka kila Aprili.

Kubaki hivyo kwenye kiwango kile kile ndiko kunakoitwa kuganda, na pensheni haigandi kila mahali. Ukihamia nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Jamaika, Uturuki au Ufilipino, nyongeza inakufuata kwa sababu ya mikataba. Kwa Afrika ni Morisi peke yake. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo, kama ambavyo Kanada na Australia hazimo. Wastaafu walilipeleka suala hili mahakamani hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Machi 2010 wakashindwa. Njia iliyobaki ni ya kisiasa, na tutaifikia.

Kabla ya kufunga mizigo

Karibu yote yanayowezekana kufanywa hufanywa kabla ya kuondoka. La kwanza ni tarehe ya safari. Nyongeza huanza wiki ya kwanza kamili baada ya tarehe 6 Aprili, na anayeipata ni yule ambaye makazi yake bado yako Uingereza siku hiyo. Pensheni yako ikiwa imeshaanza kulipwa, usihame Machi. Mwaka 2025 kiwango kilitoka pauni 221.20 kwenda 230.25. Aliyehama mwishoni mwa Machi aliganda kwenye kiwango cha chini, na hasara yake ni pauni 9.05 kwa wiki, takriban 470 kwa mwaka, kwa maisha yake yote. Mwezi mmoja wa pango la nyumba ni nafuu kuliko hiyo.

La pili ni mtego wa kuahirisha. Ukichelewa kuidai pensheni, inaongezeka asilimia 1 kwa kila wiki 9, karibu asilimia 5.8 kwa mwaka. Wengi hudhani wakiahirisha wakiwa Kenya watakuja kuanza na kiwango kipya cha mwaka watakaodai. Si hivyo. Kwa anayeishi nchi ya kuganda, asilimia hizo hupigwa juu ya kiwango cha siku alipofikia umri wa pensheni, au siku aliyohama ikiwa alihama baadaye. Kuahirisha kunaongeza kidogo, lakini hakukwepi kuganda.

La tatu ni miaka ya michango. Ukiwa na chini ya miaka 10 hupati kitu kwenye mfumo mpya; pensheni kamili inataka 35. Kila mwaka unaoongeza una thamani ya sehemu moja ya 35, yaani pauni 6.58 kwa wiki kwa kiwango cha 2025/26, karibu pauni 342 kwa mwaka. Kuununua mwaka mmoja kwa michango ya hiari ya daraja la 3 kulikuwa pauni 17.75 mara wiki 52, yaani 923, mwaka huo wa 2025/26. Fedha hiyo inarudi katika muda usiofika miaka mitatu, hata pensheni ikiwa imeganda. Daraja la 2, lililokuwa pauni 3.50 tu kwa wiki na lililowabeba wengi walioko ng'ambo, limefungwa kwao kuanzia tarehe 6 Aprili 2026. Kuanzia siku hiyo pia, anayetaka kuanza kuchangia akiwa nje anatakiwa awe aliishi au alichangia Uingereza miaka 10.

Maombi ya kuchangia kutoka nje hufanywa kwa fomu CF83. Lakini usilipe hata pauni moja kabla ya kuomba makadirio rasmi ya pensheni yako, kwa sababu si kila mwaka uliokosekana unaongeza kitu ukiujaza. Waliokuwa kwenye mifuko ya waajiri kabla ya 2016 hushangaa kuona wamelipa na tarakimu haikusogea. Na kwa kawaida unaruhusiwa kurudi nyuma miaka 6 tu.

Ukiondoka, jaza fomu P85 ili mamlaka ya kodi ijue umehama. Pensheni ya serikali peke yake, hata ikiwa kamili, ilikuwa pauni 11,973 kwa mwaka wa 2025/26, chini ya pauni 12,570 zisizotozwa kodi. Shida huwa ni pensheni ya mwajiri au ya binafsi, ambayo mlipaji ataendelea kuikata kodi hadi aambiwe vingine. Kenya ina mkataba na Uingereza wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili, na nafuu yake huombwa kwa fomu inayothibitishwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwamba wewe ni mkazi wa Kenya kwa mambo ya kodi. Tanzania haina mkataba huo.

Kuidai na kuipokea

Umri wa pensheni ulikuwa miaka 66, na kati ya 2026 na 2028 unapanda kidogo kidogo hadi 67. Pensheni haiji yenyewe, lazima uidai. Ukiwa huku unadai kwa Kituo cha Kimataifa cha Pensheni cha Uingereza, na unaweza kuanza miezi minne kabla ya kufikia umri. Andaa namba ya bima ya taifa, cheti cha ndoa kama kipo, na maelezo ya benki. Benki za Kenya na Tanzania hazitumii IBAN, namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, kwa hiyo usiibuni ili kujaza kisanduku: andika namba kamili ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki yako. Jina kwenye akaunti lilingane na jina kwenye rekodi ya michango. Aliyechangia kama Mary Smith na akaunti yake inasoma Mariam Juma atasubiri sana.

Malipo huja kila wiki 4 au kila wiki 13, upendavyo. Chagua wiki 4, maana malipo yakipotea ni afadhali ukose ya mwezi kuliko ya robo mwaka. Yakipelekwa benki ya huku, hubadilishwa kuwa fedha ya huku kwa bei ya siku hiyo, na wewe huna kauli. Tofauti si ndogo. Januari 2024 pauni ilikuwa karibu shilingi 203 za Kenya. Kufika Agosti mwaka huo ilikuwa karibu 165. Pauni 800 zilishuka kutoka shilingi 162,000 hivi hadi 132,000, na kodi ya nyumba haikushuka. Ndiyo maana ni busara pensheni iingie kwenye akaunti ya Uingereza, nawe uvute kiasi unachohitaji kwa wakati unaokufaa. Kabla ya kutuma, linganisha bei unayopewa na ile ya Benki Kuu ya siku hiyo, kwa sababu makato makubwa hufichwa kwenye bei, si kwenye ada. Ukivuta kwa M-Pesa ya Kenya kumbuka mipaka: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na salio lisizidi 500,000.

Tatizo la akaunti ya Uingereza ni kwamba benki nyingi hazitaki wateja wanaoishi nje, na baadhi huzifunga akaunti hizo. Uliza kabla hujahama, upate jibu kwa maandishi, na uwe na akaunti ya pili. Usiwape anwani ya mpwa wako aliyeko Birmingham ukajifanya bado uko kule. Siku benki ikigundua, akaunti itazuiwa na pesa zikiwa ndani.

Cheti cha uhai ndicho kinachokata malipo ya wengi. Ni fomu inayotumwa kwa posta kuthibitisha kwamba bado uko hai. Unaisaini mbele ya shahidi mwenye wadhifa unaotajwa kwenye barua yenyewe, asiwe ndugu yako, kisha unairudisha ndani ya muda uliopangwa. Isiporudi, pensheni inasimamishwa. Mara nyingi mwenye pensheni hakukataa kuijaza. Fomu ililala kwenye sanduku la posta lisilofunguliwa, au lililofungwa kwa kutolipiwa ada ya mwaka. Lipia sanduku kila Januari, lifungue kila wiki, na ukihama mtaa au ukibadili sanduku waandikie siku hiyo hiyo. Ukirudisha fomu, baki na nakala iliyopigwa picha na utume kwa rejista au kwa kampuni ya vifurushi.

Ukienda Uingereza kutembea, hata kwa wiki chache, waarifu. Kwa muda utakaokuwa kule unastahili kulipwa kiwango cha sasa, kisha ukirudi huku unarudishwa kwenye kilichoganda. Tunza vipande vya kupandia ndege na mihuri ya pasipoti. Ukirudi kuishi kule moja kwa moja, unapata kiwango kamili cha sasa, lakini malimbikizo ya miaka ya nyuma hupati.

Kibali na matibabu

Kwa asiye raia, Kenya ina kibali cha daraja K kwa wakazi wasiofanya kazi: uwe na umri usiopungua miaka 35 na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni ya serikali, hata kamili, inafika karibu theluthi mbili tu ya hapo. Bila pensheni nyingine au kodi ya nyumba unayopangisha kule Uingereza, kibali hicho hukipati. Mkenya aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa Uingereza ana njia nyepesi zaidi: tangu katiba ya 2010 uraia pacha unaruhusiwa, na waliopoteza wanaweza kuuomba tena Uhamiaji. Ufanye hivyo kabla ya kununua ardhi, kwani asiye raia hawezi kumiliki zaidi ya haki ya kukodi kwa miaka 99. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo Mtanzania mwenye pasipoti nyekundu au ya buluu ya Uingereza anaingia kama mgeni.

Hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ni za bure kwa anayeishi kule, si kwa aliyechangia. Ukihama umeipoteza, na hakuna mpango wa Uingereza unaokulipia matibabu Kenya wala Tanzania. Vilevile nyongeza ya wastaafu wenye kipato kidogo haivuki mpaka.

Kura

Zaidi ya wastaafu 400,000 duniani wako kwenye pensheni iliyoganda, na serikali za vyama vyote zimewaacha hivyo kwa sababu nyepesi: wako mbali na kwa miaka mingi wengi hawakuwa na kura. Aliyekaa nje zaidi ya miaka 15 alikuwa amefutwa. Kikomo hicho kiliondolewa tarehe 16 Januari 2024. Sasa raia yeyote wa Uingereza aliyewahi kuandikishwa au kuishi kule anaweza kupiga kura ya Bunge, na ana mbunge wa kumwandikia: wa jimbo alikoandikishwa mara ya mwisho, au alikoishi mara ya mwisho kama hakuwahi kuandikishwa. Kura za madiwani hazimo.

Angalia neno raia. Mkenya au Mtanzania aliyeishi kule bila kuchukua uraia alikuwa anapiga kura kama mtu wa Jumuiya ya Madola, lakini haki hiyo inakoma akihama.

Unajiandikisha kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, ukitaja anwani yako ya mwisho na namba ya bima ya taifa. Halmashauri isipoiona rekodi yako itaomba hati ya zamani yenye jina na anwani hiyo, mathalani bili au barua ya benki, au raia mwingine mwandikishwa akushuhudie. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, lakini anayengoja hapo amechelewa.

Kura ya posta kwa anayeishi huku si ya kutegemea. Karatasi huchapishwa baada ya wagombea kuthibitishwa, siku 19 za kazi kabla ya kura, na lazima ifike Kenya na kurudi kabla vituo havijafungwa. Katika uchaguzi wa Julai 2024 wengi walioko nje walipata karatasi zikiwa zimechelewa. Bora umteue mtu akupigie kura kule. Ombi lifike kabla ya saa 11 jioni ya siku ya sita ya kazi kabla ya uchaguzi. Mtandaoni utatakiwa kupakia picha ya saini yako: iandike kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, uipige kwenye mwanga wa kutosha, bila kivuli cha simu.

Unayemteua awe mwenyewe ana haki ya kupiga kura, na asiwe amebeba watu wengi: mtu mmoja haruhusiwi kuwapigia zaidi ya wanne, na kati yao wasiozidi wawili wawe wanaishi Uingereza. Mwambie aende na kitambulisho chake chenye picha, si chako, na kwenye kituo chako, si chake. Kama kituo kiko mbali naye, anaweza kuomba kura hiyo itumwe kwake kwa posta.

Uandikishaji hudumu hadi miaka mitatu na humalizika tarehe 1 Novemba. Halmashauri hutuma ukumbusho, mara nyingi kwa barua pepe, kwa hiyo isiwe ile ya kazini uliyoiacha. Ukipita tarehe hiyo bila kuthibitisha, jina linafutwa, na mpango wa kupigiwa kura unafutika pamoja nalo.